Mbili kwa Nne Si Tarehe

Ukikutana na mtu aliyesoma kozi ya kompyuta hapa Tanzania, awe aliisomea chuo cha wananchi, VETA au kile chumba cha ghorofani juu ya duka la simu, mwambie akueleze kompyuta ni nini. Atakujibu bila kusita: ni mashine ya kielektroniki inayopokea data, kuzichakata, kuzihifadhi na kutoa taarifa. Atakutajia na vizazi vyake, kuanzia kile cha mitambo iliyojaza ukumbi mzima. Sasa mwulize kama mwezi uliopita duka lake lilipata faida au lilikula mtaji. Hapo wengi wetu tunaanza kukuna kichwa.

Nasema wetu kwa sababu na mimi nimo. Kozi hiyo niliisoma ukubwani, nikiwa tayari nina watoto wa sekondari, katika chuo cha maendeleo ya wananchi mkoani Njombe. Imenipa kazi ninayoifanya mpaka leo, kwa hiyo siandiki haya kwa kinyongo. Lakini kuna jambo nimelibeba muda mrefu: kozi zile zinaanzia mkiani. Kile ambacho mfanyabiashara anakihitaji kuliko vyote kinakuja dakika za lala salama, wakati watu wameshaanza kuulizia cheti.

Sisi tunauza mbao Makambako. Anayeujua mji huu hahitaji maelezo mengi: barabara ya Songea inaungana hapa na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, TAZARA ina stesheni yake, na malori ya mbao za paini na mikaratusi hayana usiku wala mchana. Biashara ni ya mume wangu na kaka yake, yaani shemeji yangu mkubwa. Bei zote, madeni yote na ahadi zote alikuwa nazo shemeji kichwani, na zilizozidi kichwa ziliingia kwenye kaunta buku. Siku akiwa porini kununua miti, mteja akija kulipa deni tunampigia shemeji simu atutajie kiasi. Simu isipopatikana, mteja anaambiwa arudi kesho. Fikiria: mtu amekuja na fedha mkononi, na sisi tunamrudisha. Kuna ambao hawakurudi mpaka leo.

Kwenye kikao cha familia ikaamuliwa mtu mmoja akasome, na kwa kuwa mshika daftari nilikuwa mimi, nikawa mimi.

Vyuo vya wananchi vina asili yake, na wengi wanaopita getini kila siku hawaijui. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Watu walipoanza kujua kusoma na kuandika, likabaki swali la wapi waendelee. Mfano ulichukuliwa Skandinavia, ambako vyuo vya aina hii vilikuwa na umri mrefu tayari, na mwaka 1975 vya kwetu vikaanza kwa msaada wa Sweden. Leo ni zaidi ya 50 nchi nzima. Ulikuja kujifunza kitu cha kukusaidia kuishi pale pale unapoishi, na hukuulizwa ulipata daraja gani kidato cha nne. Useremala, uashi, ushonaji, upishi, kilimo na mifugo, umeme wa majumbani. Kompyuta iliongezwa baadaye sana. Darasa letu lilikuwa jirani na karakana ya useremala, madirisha yakifunguliwa tunapata harufu ya maranda, na mimi niliyetoka kwenye mbao nilijisikia nyumbani zaidi ya wenzangu.

Tulikuwa mchanganyiko. Vijana waliomaliza kidato cha nne, wakipoteza muda kidogo kabla maisha hayajawaita. Fundi cherehani. Dalali wa viazi aliyekuwa akipokea simu kila baada ya dakika kumi, ukimsikiliza unajua bei ya gunia imefika wapi. Dada mmoja wa kikundi cha kuku alifuata kitu kimoja tu: kuandika andiko la mradi kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mwalimu wetu angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Kila asubuhi aliingia na "Shikamooni akina mama," tukaitikia marahaba, kisha akawageukia vijana, "Mambo vipi?", ndipo kazi ikaanza. Sisi tulimwita mwalimu, yeye alituita mama, na hakuna aliyepungukiwa.

Kompyuta moja tulikaa wawili, mara nyingine watatu. Kwenye mpango huo anayeshika mausi ndiye anayesoma; waliobaki ni watazamaji. Akina mama tulijifunza mapema kuwahi viti vya kulia.

Majuma ya mwanzo yalikuwa ya notisi. Tuliandika sehemu za kompyuta, aina za kompyuta, vizazi vya kompyuta. Tuliandika kwamba ENIAC, moja ya kompyuta za mwanzo kabisa, ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 30, na nilijikuta nikiwaza ingehitaji lori la aina gani kuipandisha mlima Kitonga. Halafu tukaingia Word: kukoleza maandishi, kuyaweka katikati, kuweka mipaka, kuchora kadi ya mwaliko wa harusi. Sibezi Word. Dada wa kuku alitoka na andiko lililonyooka kurasa zote. Lakini mimi sikuwa na barua za kuandika. Nilikuwa na kaunta buku kwenye mkoba, na kila siku nilirudi nalo halijafunguliwa.

Excel, programu ya majedwali ya hesabu, tuliifikia wakati kozi imeshavuka nusu. Iliingia kama somo lingine tu baada ya masomo mengine: hii ni seli, hii ni safu, huu ni mstari, namba hizi zijumlisheni. Hakuna aliyetuambia ilitoka wapi, na mimi nadhani hapo ndipo pangefaa hadithi ya zamani kuliko zile tani 30. Mwishoni mwa miaka ya sabini, Dan Bricklin alikuwa akisoma biashara Harvard. Mwalimu wao alichora hesabu ya kampuni ubaoni, namba juu ya namba, na kila alipobadilisha moja ilimbidi afute na kuandika upya zote zilizoitegemea. Bricklin akawaza ubao unaojifuta na kujiandika wenyewe. Yeye na Bob Frankston wakaitengeneza VisiCalc, babu wa Excel, ikatoka mwaka 1979 kwa kompyuta ya Apple II, na inasemekana watu walinunua kompyuta nzima ili tu waipate programu ile. Mtu akikuanzishia hapo unaelewa kitu hiki ni cha nini. Kinamhusu yeyote ambaye amewahi kufuta jumla kwa sababu ya kosa moja lililo juu yake. Nani kati yetu hajawahi?

Siku nilipofungua kaunta buku darasani, matatizo yalianza na mstari wa kwanza. Kwenye daftari letu mbao ya mbili kwa nne, yaani inchi mbili kwa inchi nne, inaandikwa 2/4, moja kwa nane inaandikwa 1/8. Hivyo ndivyo shemeji anavyoandika, na fundi yeyote Makambako anasoma bila shida. Nikaandika 2/4, nikabonyeza kitufe, ikageuka kuwa 4-Feb. Nikaandika 1/8, ikawa 8-Jan. Vijana wakacheka, mmoja akasema mbao za mama zina siku ya kuzaliwa. Mwalimu akaja, akabadilisha muundo wa seli urudi kuwa namba ya kawaida, ikatokea 44596.

Hiyo 44596 ndiyo iliyonifungua macho kuhusu programu hii. Excel haihifadhi tarehe kama tunavyoiandika. Inahesabu siku kuanzia tarehe 1 Januari 1900. Mwaka ule ulikuwa 2022, na kompyuta za chuo zilikuwa kwenye mpangilio wa Marekani, wanaotanguliza mwezi, kwa hiyo 2/4 yangu ilikuwa tarehe 4 Februari 2022, siku ya 44596. Mpangilio ungekuwa wa Uingereza ingesomeka 2 Aprili. Kwa vyovyote, ile mbili kwa nne ilikuwa imekwisha potea; ukibadilisha sura ya seli baadaye hairudi. Dawa ni kuiambia safu nzima, kabla hujaandika chochote, kwamba hapa ni maandishi. Au unaandika 2x4, kama tunavyofanya sasa, hata kwenye daftari la karatasi.

Nilijiona mshamba mpaka nilipokuja kusoma kwamba wanasayansi wa vinasaba walikumbwa na kitu hicho hicho kwa miaka mingi. Kulikuwa na jeni zenye majina kama MARCH1 na SEPT1, Excel ikazigeuza kuwa tarehe za Machi na Septemba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta karibu moja ya tano ya makala zenye orodha za jeni katika mafaili ya Excel zina makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 wahusika wa kuzipa jeni majina wakasalimu amri: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Microsoft, wenye Excel, waliweka namna ya kuzima tabia hiyo mwaka 2023. Kwa hiyo shemeji akilalamika kwamba tumembadilishia uandishi wa mbao, namwambia hata wataalamu wa vinasaba walihamishwa.

Lakini tarehe lilikuwa jambo dogo. Kubwa lilikuwa mstari wenyewe. Hebu soma huu, nimebadilisha jina tu: "Mama Neema, 2/4 pisi 40, 1/8 pisi 15, katoa 200,000 bado 85,000, atamalizia akivuna." Kwa macho ya dukani mstari huu umekamilika. Una mnunuzi, una mali, una fedha, una ahadi. Nikauhamishia Excel kama ulivyo, wote ndani ya seli moja, nikakaa kuutazama. Hauwezi kujumlishwa. Hauwezi kuulizwa kitu.

Mwalimu alibaki baada ya kipindi, na aliniuliza swali ambalo halikuwa kwenye mtaala wake: "Mama, kwako mstari mmoja ni kitu gani?" Sikulielewa. Akalirudia kwa njia nyingine: hapa yametokea mambo mangapi? Tukayahesabu. Zimeuzwa mbili kwa nne, 40 kwa 4,500, ni 180,000. Zimeuzwa moja kwa nane, 15 kwa 7,000, ni 105,000. Imelipwa 200,000. Mambo matatu, kwa hiyo mistari mitatu, na kila mmoja una tarehe yake, mteja wake na kiasi chake. Na ile 85,000? Nikasema huo ni mstari wa nne. Akatikisa kichwa. Deni haliandikwi, akasema, deni linatafutwa: chukua mauzo yote ya Mama Neema, toa malipo yote ya Mama Neema, kinachobaki ndicho deni. Ukiliandika kwa mkono, kesho akilipa 20,000 utatakiwa ukumbuke kwenda kulifuta.

Kila kitu kingine nilichojifunza kimesimama juu ya dakika zile. SUMIF ni ya kukusanya mistari ya mtu mmoja. Jedwali la pivoti linakupangia mauzo kwa mwezi na kwa saizi ya mbao bila wewe kuandika fomula. Hayo yote ni rahisi mistari ikiwa imekaa sawa, na ikiwa imekaa vibaya hata mtaalamu kutoka Dar hawezi kukusaidia. Jambo hili linafundishika kwa penseli na karatasi. Linafundishika umeme ukiwa umekatika.

Majina nayo yana kesi yake. Mama Neema kwenye daftari letu ni Mama Neema, mara Mama Nema, mara Mke wa Fundi, na ukurasa mmoja ni Dada wa Ilembula. Sisi tunajua ni yule yule. Excel inaona watu wanne, watatu kati yao wakidaiwa na mmoja akilipa pasipo deni. Tukampa kila mteja namba.

Kuna na hesabu ambazo watu wanadhani wanazijua. Bei yenye VAT ndani, kodi ni kiasi gani? Darasa zima, pamoja na dalali wa viazi ambaye hesabu ndiyo chakula chake, tulichukua asilimia 18 ya 118,000 tukapata 21,240. Si hivyo. Unagawanya kwa 1.18, unapata 100,000, na kodi ni 18,000. Hiyo tofauti ya 3,240 inatoka mfukoni mwa mtu, na mara nyingi mfukoni mwako. Saa vilevile: dereva aliandika lori liliondoka saa 11 alfajiri, likafika saa 11 jioni. Ukijaza 11:00 na 11:00, Excel inakwambia safari ilichukua sifuri. Lazima mtu mmoja darasani asimame aseme kwamba saa yetu ya Kiswahili inahitaji kuhamishwa saa sita kabla ya kuingizwa. Vitabu vya kozi vimeandikwa na watu wasiokuwa na tatizo hilo, kwa hiyo hawaligusi.

Na jumla. Watu wanaiamini jumla iliyotoka kwenye kompyuta kuliko ya kwenye kikokotoo, sijui kwa nini. Fomula ya =SUM(E2:E40) itajumlisha mpaka mstari wa 40, basi. Ukiongeza mauzo ya mstari wa 41 na jumla umeiweka pembeni, itaendelea kukupa jibu lile lile la jana kwa uso mkavu. Wachumi wawili wenye jina kubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala mwaka 2010 kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, ikanukuliwa na wanasiasa Ulaya na Marekani. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alipolipata faili lao aliona, pamoja na kasoro nyingine, kwamba fomula ya wastani imeishia kabla ya mstari wa mwisho, nchi tano zimeachwa nje. Mwanafunzi huyo ningempa kazi kwenye yadi yetu kesho asubuhi.

Tally ilikuja mwishoni kabisa. Ni programu ya uhasibu ya Kihindi, imezaliwa Bengaluru miaka ya themanini, na ukitembelea maduka ya jumla ya Kariakoo utaikuta nyuma ya kaunta nyingi. Chuo hakikuwa na leseni, tukatumia ile hali ya mafunzo, ambayo ni bure lakini inakubali maingizo ya tarehe 1, 2 na 31 tu. Basi mbao zote za darasa letu ziliuzwa tarehe 1, 2 au 31. Mishahara ililipwa tarehe 2. Viazi vilioza tarehe 31. Tulicheka sana, ila debiti na krediti ziliingia, kwa sababu Tally haikuruhusu kuingiza upande mmoja ukaacha mwingine. Fedha imetoka wapi, imekwenda wapi. Bila kujibu yote mawili hupiti. Ni kanuni ile ile aliyoichapisha mtawa wa Kiitaliano, Luca Pacioli, huko Venice mwaka 1494, nayo haihitaji umeme.

Kuhusu lugha nitasema kidogo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika kutoa OpenOffice, programu ya ofisi ya bure, kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice, na Microsoft nao waliwahi kuitafsiri programu yao. Sijaona ofisi inayotumia hata mojawapo. Mwalimu alifundisha kwa Kiswahili na vitufe vikabaki Kiingereza, na mimi sikuona kuwa hicho ndicho kilichowakwamisha wenzangu. Fundi cherehani hakujua Kiingereza cha kuombea maji, lakini vitufe alivikariri kwa mahali vilipo. Alichokwama ni kile kile cha mstari mmoja.

Ningekuwa na sauti kwenye mtaala, siku ya kwanza kila mwanafunzi angekuja na daftari lake. La duka, la kikoba, la kuku, hata la michango ya harusi. Juma zima tungelisoma kwa penseli, tukitafuta mambo yaliyotokea ndani yake. Kompyuta ingewashwa juma la pili. Nilimweleza mwalimu wazo hili, akasema analipenda, ila mtihani unauliza vizazi vya kompyuta na yeye anapimwa kwa wanaofaulu. Sina la kumjibu. Ana watoto wa kulea. Alichofanya, nimesikia kwa dada aliyesoma baada yetu, ni kuisogeza Excel mbele ya Word. Ameanza na kilicho mikononi mwake.

Hapa yadini kaunta buku lipo bado, maana umeme hauna ratiba na mnunuzi hangoji laptopu iwake. Jioni nahamisha. Kila mwisho wa mwezi naprinti orodha ya madeni, imepangwa kwa umri: siku 30, 60, 90, na zaidi. Nusu ya biashara yetu ni mali kauli, mtu anachukua mbao kwa neno lake, kwa hiyo orodha ni ndefu. Mara ya kwanza shemeji aliposhika karatasi ile alikaa nayo muda, akaomba kalamu, akaanza kukata majina. Huyu usimdai, ni mjane. Huyu alinisaidia lori lilipoharibika Mikumi. Huyu tumesoma naye. Nilipinga, tukabishana mpaka mume wangu akatoka nje.

Sasa kuna safu mpya mwishoni mwa jedwali, imeandikwa "Asidaiwe", na safu nyingine pembeni yake ya sababu. Shemeji anajaza mwenyewe kwa kalamu, mimi naingiza. Wiki iliyopita nilimsomea jumla yake. Ilikuwa inatosha kununua msumeno wa bendi wa pili, ule ambao amekuwa akisema hatuna uwezo nao. Akaniuliza kama nimehakikisha fomula imefika mpaka mstari wa mwisho. Nilikuwa nimehakikisha.